Je, Wajua? Kitete Kwenye Karatasi

Je, wajua kuwa Kiswahili kina neno moja, kuchora, kwa mwenye penseli na kwa mwenye kisu? Ukambani, nchini Kenya, kazi hizo hukutana kwenye kitete, yaani kibuyu kinachotokana na mmung'unya. Ncha ya kisu hukwangua ganda, masizi na mafuta yakapakwa, na mikwaruzo ikatoa wanyama na watu weusi tii.

Je, wajua kuwa masimulizi ya Wakamba huvitaja vilima vya Mbooni kuwa makao yao ya mwanzo, kabla ya wengine kuvuka mto Athi kuelekea Kitui? Mhamaji hupenda chombo chepesi. Mmung'unya wenyewe asili yake ni Afrika, na mabaki yake huko Amerika yana umri wa karibu miaka 10,000.

Kitete kikipasuka hushonwa. Mchoraji anayeuweka mshono huo kwenye karatasi ameandika historia ya nyumba ile, tena bila herufi hata moja.

Je, wajua kuwa kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi hata kwenye sakafu yenye mashimo? Lakini kukichora ni kazi! Mtoto mdogo huweka kikalio cha mviringo kamili, kana kwamba anakitazama kutoka juu, kisha miguu kana kwamba yuko ubavuni. Mfaransa Georges-Henri Luquet alieleza mwaka 1927 kuwa mtoto huchora anachokijua, si anachokiona tu. Kwa hiyo nasema wazi: huyo hajakosea. Anajua kikalio ni duara, na amekuambia.

Je, wajua kuwa Margaret Trowell, mwanzilishi wa shule ya sanaa ya Makerere, aliishi kwanza Machakos, wilaya iliyokuwa na Mbooni ndani yake enzi hizo? Alianza kufundisha Kampala mwaka 1937, barazani kwake. Kitabu chake cha 1953 kuhusu kazi za mikono za Uganda kimejaa michoro ya vikapu, vibuyu na viti, mistari mitupu, na kila chombo kimepewa heshima ambayo wengine huwawekea wafalme.

Msomaji, leo jioni kiangue kitete kilichotundikwa jikoni, kiweke mezani, mpe mtoto penseli na umwache atazame. Akimaliza, andika tarehe nyuma ya karatasi na uitunze.