Meza ya Mkufunzi wa Marubani

Februari 1934, Kikosi cha Anga cha Jeshi la Marekani kilipewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege. Ilikuwa katikati ya baridi kali, na marubani wengi hawakuwa wamezoea kuruka ndani ya mawingu kwa kutegemea vyombo peke yake. Kadhaa walikufa katika wiki chache. Mwaka huohuo kikosi kilinunua simuleta 6 za kufunzia marubani za Edwin Link, fundi wa Binghamton, New York, aliyezitengeneza kwa mivukuto ya hewa kama ile ya vinanda vya kiwanda cha baba yake.

Kisanduku cha simuleta hiyo, alimokaa mwanafunzi, kimesifiwa sana. Meza ya mkufunzi iliyokuwa kando yake inastahili sifa hizohizo. Juu yake ilitandazwa ramani, na juu ya ramani kilitambaa kifaa cha magurudumu matatu, kwa jina kaa, kikichora kwa wino njia aliyopita mwanafunzi. Somo likiisha, wawili hao waliinamia mstari uleule na kuona mahali alipoanza kupotea.

Leo meza hiyo imejaa skrini. Mkufunzi huzima injini ya kushoto, huongeza upepo, hushusha ukungu. Papo hapo yeye ni mwongozaji wa ndege kwenye redio, mara rubani mwenza, mara adui. Sekunde anazopoteza akipekua menyu huenda ndizo ambazo mwanafunzi ameacha kutazama kipima kimo, na kosa hilo linapita bila kuonwa.

Kwa hiyo maboresho yaanzie hapo. Hitilafu iliyopangwa mapema ijitokeze yenyewe ndege ikifika futi 500. Kila ndege inapotoka kwenye kimo kilichoagizwa, mfumo uweke alama ili kipande hicho kirudiwe mara moja. Teknolojia ya kufuatilia macho ionyeshe mwanafunzi alikuwa akitazama chombo gani.

Ila alama za mwisho zibaki kwa mkufunzi. Hapo sina shaka. Wanafunzi wawili wanaweza kushuka futi 200 chini ya kimo walichoagizwa, na kompyuta ikawahesabia kosa moja. Mmoja aliona anashuka, akaamua kwanza kushughulikia moto wa injini. Mwenzake hakuona kitu. Huyo wa pili ndiye wa kurudishwa kwenye kiti jioni hiyohiyo.