Mizani ya Tiba Katika Jimbo la Oregon

Serikali yoyote inayojitwika gharama za tiba za mafukara haikosi kufikwa na siku ambayo haja za wagonjwa zaipita hazina, na hapo, isipotaka kugawa kwa upendeleo au kwa kuwasikiliza wenye sauti kubwa tu, hulazimika kutafuta mizani. Jimbo la Oregon, huko Marekani, lilithubutu kuishika mizani hiyo hadharani. Kwa sheria ya mwaka 1989, aliyoipigania John Kitzhaber, tabibu na kiongozi wa Seneti ya jimbo, tume iliamriwa kuzipanga tiba kwa daraja, ili fedha zikipungua ziachwe tiba za mkiani, wala asifukuzwe fukara katika bima.

Hesabu yao ilikuwa hivi: gharama ya tiba hugawanywa kwa faida yake, na faida ni miaka ambayo mgonjwa ataishi akinufaika, kila mwaka ukipewa uzito kwa kadiri tiba ilivyoiinua hali yake, siha kamili ikiwa 1, mauti 0, na maisha ya maumivu yakiangukia baina ya hayo mawili. Tiba iletayo mwaka wa siha kwa fedha chache ndiyo hutangulia.

Orodha ya kwanza ilipotoka mwaka 1990, watu walistaajabu kuona kufunika jino bovu kumekaribiana na upasuaji wa mimba iliyotunga nje ya kizazi, maradhi yawezayo kumuua mwanamke asipowahiwa. Ajabu hiyo ina sababu yake, kwani faida ya jino ni ndogo lakini gharama yake ni ndogo zaidi, hata kwa fedha za kumwokoa mama mmoja yangetengenezwa meno ya watu wengi, na hesabu, ambayo hujumlisha faida bila ya kuuliza zimemfikia nani, haioni tofauti. Tume ikaiacha orodha ile, na mwaka 1991 ikatoa nyingine ya tiba 709, safari hii ikitanguliza mafungu ya tiba zenye kuokoa roho.

Likazuka pingamizi zito zaidi, nami naliona la haki. Uzito wa maisha ulikuwa umetokana na kuwahoji raia kwa simu, ambao wengi wao hawakuwa na ulemavu walioulizwa habari zake. Na mtu mzima wa mwili aghalabu huyadhania maisha ya kiwete kuwa duni kuliko anavyoyaona kiwete mwenyewe. Mwaka 1992 serikali kuu, ambayo idhini yake ilihitajika, iliukataa mpango kwa hoja kwamba ungewadhulumu walemavu. Oregon ikayaondoa makadirio yale, ikapata idhini mwaka 1993, na kuanzia mwaka uliofuata mafukara zaidi ya 100,000 waliokuwa hawana bima wakaingizwa.