Nyungu imebaki, ndoo imeondoka

“Daktari, nimfukize dakika ngapi?” Wiki iliyopita nimeulizwa hivyo mara nne, mara ya mwisho na mama mwenye mtoto wa miezi tisa mgongoni. Hakuuliza kama amfukize. Hilo lilishaamuliwa nyumbani na bibi kabla hawajapanda bodaboda. Kwangu alifuata dozi tu.

Nimelijibu swali hili kila kipupwe tangu 2020, na upole umeniisha. Mtoto hafukizwi. Si dakika tano, si mbili, si kwa majani ya mkaratusi, si kwa ya mpera, si “kidogo tu kifua kifunguke”.

Najua nyungu, huku kujifukiza mvuke chini ya blanketi, ilivyoingia majumbani mwetu. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Tanzania alitangazwa 16 Machi 2020, kesho yake shule zikafungwa, na wanafunzi wa msingi na wengi wa sekondari hawakurudi darasani mpaka 29 Juni. Watoto wa bweni walirejea huku kwetu, Dongobesh, Daudi na Bashay. Nyumba iliyozoea kulaza watu watano ikalaza tisa, tena miezi ambayo baridi ya huku hufungisha kila dirisha na moto wa kuni hauzimwi. Mchana watoto walikuwa shambani kuvuna maharage, usiku walijibana chumba kimoja na bibi, mtu ambaye ugonjwa ule ungemdhuru kuliko wote. Wazazi waliogopa. Kila ua ukapata kibuyu chirizi au ndoo yenye koki, salamu za mikono zikasimama, na jikoni ikapandishwa nyungu. Vitunguu saumu tunalima wenyewe, tangawizi na limau vikaletwa na magari ya mnadani.

Sasa pita mtaani uangalie kilichobaki. Ndoo zile zimewekewa pumba. Sabuni imerudi bafuni, madirisha yamefungwa, mwenye mafua anampakata mtoto mchanga kama kawaida. Nyungu peke yake ndiyo imegeuka desturi ya nyumba. Tumetupa vilivyotulinda, tukabakiza kisichotulinda, na hilo linaniuma kuliko swali lenyewe.

Tuanze na moto, kwa sababu hoja yote ya nyungu imejengwa juu ya moto: eti kirusi hufa kwa joto, basi mvuke ukivutwa hukifuata kifuani na kukiua. Nusu ya kwanza ni kweli. Maabara huua kirusi cha korona kwa nyuzi joto 56 kwa muda wa nusu saa. Lakini hiyo ni chupa, si mapafu ya mtu. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtu mzima vibaya sana ndani ya sekunde tano, na ngozi ya mtoto, kwa wembamba wake, haingoji hata hizo tano. Joto la kukiua kirusi ndani ya mwili lingempika kwanza mwenye mwili.

Wala joto hilo halifiki huko. Pua na koo ni mashine ya kurekebisha hewa: ya baridi huipasha, ya moto huipoza, mpaka inapoingia mapafuni inakaribia joto la mwili, nyuzi 37. Na kirusi hakikai juu juu kama vumbi kwenye meza likisubiri kufutwa. Kiko ndani ya chembe hai za mwili, kinajizalisha humo. Mvuke haubishi hodi huko.

“Lakini sisi tulijifukiza wote, tukapona.” Hili nalisikia hata kwa walimu. Mei 2020 Hayati Rais Magufuli alieleza hadharani kwamba mtoto wake aliugua, akajifukiza, akatumia limau na tangawizi, akapona. Wengi walishika hapo, na siwalaumu, kwa kuwa ilikuwa habari njema wakati wa habari mbaya. Ila wengi walioambukizwa korona walipona, waliojifukiza na wasiojifukiza, na watoto walipona zaidi kuliko wakubwa. Mafua ya kawaida ndiyo kabisa, huisha yenyewe ndani ya wiki moja au zaidi kidogo. Katika siku hizo mgonjwa alikunywa uji, alilala, aliombewa na alijifukiza. Mbona uji hausifiwi? Ili kujua kilichoponya, lazima uwalinganishe waliofanya na wasiofanya. Kwa mafua ya kawaida ulinganisho huo umefanywa: mapitio ya majaribio ya hewa ya moto yenye unyevu, yaliyotolewa na Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua majaribio ya tiba, mwaka 2017, hayakuona faida ya kutegemewa. Mtu mzima atahisi pua imelegea kwa muda. Ni nafuu, si tiba.

Na mtoto hapati hata nafuu hiyo bila hatari. Nimeshaipokea ile hatari mikononi mwangu: sufuria sakafuni, blanketi juu, mtoto katikati ya magoti ya mama. Amevuta mvuke, akashtuka, akapiga teke. Huku kwetu kwenye mwinuko wa mita 1,700 na zaidi maji huchemka mapema kidogo, yapata nyuzi 94, na nyuzi 94 mapajani mwa mtoto wa miaka miwili ni majuma ya kufungwa vidonda, kisha kovu linalokua naye. Wala si ujinga wa vijijini, kama wengine wanavyopenda kusema. Madaktari wa hospitali ya watoto ya Birmingham, Uingereza, waliandika katika jarida la Lancet mwaka 2020 kwamba watoto walioungua kwa kufukizwa waliongezeka ghafla wakati wa korona. Akina mama wa huko walikuwa na hofu ileile.

Kuna jingine halisemwi. Nyungu ya familia huwa moja. Watu watatu chini ya blanketi moja wakikohoa na kupumua kwa nguvu: kama mmoja ana kirusi, sijui njia bora zaidi ya kuwagawia wenzake. Moshi wa kuni nao hauhitaji blanketi ili kumdhuru mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema hewa chafu ya ndani ya nyumba huongeza karibu mara mbili hatari ya mtoto kupata nimonia.

Basi fanya haya. Swali la dakika ngapi lina jibu: moja, nayo ni ya kuhesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, fungua nguo kifuani, washa saa ya simu, hesabu kila kifua kinapopanda. Chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni haraka mno. Miezi 2 hadi 11 ni 50. Mwaka 1 hadi 5 ni 40. Pua imeziba? Matone ya maji ya chumvi kutoka duka la dawa, kisha nyonyesha mara nyingi. Kikohozi kwa aliyetimiza mwaka: asali kijiko kidogo, kwa aliye chini ya mwaka, kamwe. Antibiotiki usinunue kwa kukisia. Jiko toa chumba cha kulala, la mkaa hasa, hata likionekana limefifia. Dirisha acha wazi upana wa kiganja, mfunike mtoto zaidi. Mwenye mafua asilale na bibi wala mtoto mchanga. Rudisha ndoo mlangoni na sabuni juu yake. Angalia kadi ya kliniki kama chanjo ya nimonia na ya surua zimekamilika. Pumzi zikifika au kuvuka idadi niliyotaja, au nyama chini ya mbavu ikizama anapovuta hewa, au akikataa kunyonya, au midomo ikibadilika rangi, mbebe mje usiku huohuo, iwe zahanati, iwe hospitali ya Haydom, iwe ya Katesh. Kukicha inaweza kuwa tumechelewa kumpa oksijeni.