Muhimbili au Bugando: Utachagua Kipi?

Tuseme matokeo ya kidato cha sita yametoka. Ulisoma Fizikia, Kemia na Baiolojia, na umefaulu. Uliomba kusomea udaktari na vyuo viwili vimekukubali: Muhimbili, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza. Majirani wa Mlabani wanakupongeza, lakini wewe usiku hulali. Baba anataka Dar. Mjomba anasema Mwanza. Marafiki nao kila mmoja ana lake. Ufanyeje?

Kwanza elewa kwamba huwezi kushika nafasi mbili. Aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja lazima athibitishe kimoja tu, kwa namba maalumu anayotumiwa, ndani ya siku zinazotangazwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Ukikaa kimya kwa kuogopa kumuudhi mzee, muda unapita na unaweza kukosa vyote.

KIPI NI BORA?

Hili ni swali la kijiweni. Muhimbili ilianza kufundisha madaktari mwaka 1963 na ikawa chuo kikuu kamili mwaka 2007. Chuo cha Bugando kilianza mwaka 2003, katika hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971. Kote utasoma miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mazoezi kazini kabla ya kusajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Kote utajifunza kwa wagonjwa wa rufaa. Mama wa Mlimba aliyebeba mtoto mwenye malaria kali hatakuuliza ulisoma wapi. Atataka kujua kama unaijua kazi.

Kwa hiyo acha kushindanisha majina. Jiulize mambo haya matatu.

1. PESA ITATOKA WAPI?

Muhimbili ni chuo cha serikali. Cha Bugando ni cha Kanisa Katoliki, na ada ya vyuo visivyo vya serikali kwa kawaida ni kubwa zaidi. Bodi ya Mikopo hukopesha wanafunzi wa pande zote mbili, ila si kila mtu anapata mkopo wa kutosha. Chukua daftari, kaa na wazazi. Andikeni ada, chakula, chumba na nauli, kisha toeni mkopo. Kilichobaki kitalipwa na nini? Mpunga wa msimu mmoja utatosha kwa miaka mitano? Na kumbuka, mkopo si zawadi. Ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara hadi deni liishe.

2. UTALALA WAPI, UTAKULA NINI?

Hapa ndipo afya yako ilipo. Mwanafunzi asiye na chumba wala hela ya kula ni rahisi kunaswa. Anatokea mtu mzima mwenye gari, analipa kodi ya chumba, ananunua chipsi, halafu anadai malipo yake kitandani, tena bila kondomu. Huo ndio mlango wa mimba usiyoitaka, magonjwa ya zinaa na virusi vya UKIMWI. Wavulana nanyi msicheke, yanawakuta pia. Kwa hiyo kabla ya kuthibitisha, uliza: hosteli zipo? Mwaka wa kwanza wanapewa kipaumbele? Kuna ndugu wa kuaminika mjini?

3. UKIKWAMA, NANI YUKO KARIBU?

Kutoka Ifakara kwenda Dar kuna basi na reli ya TAZARA. Mwanza ni mbali zaidi: Mikumi, Morogoro, Dodoma, Singida, Shinyanga, ndipo ufike. Wengine umbali unawakomaza. Wengine upweke unawaumiza, wanakosa usingizi na masomo yanashuka. Wewe unajijua. Na kama kukaa karibu na nyumbani ndiko kunakokufaa, Chuo cha Mtakatifu Fransisko hapahapa Ifakara nacho kinafundisha udaktari. Si aibu kukiomba.

ONGEA NA WAZEE

Usiende kwa baba na maneno "mimi nataka". Nenda na daftari lako. Mwambie, "Shikamoo baba, naomba tuangalie hesabu hizi pamoja." Mzee akiona umepima, naye atapima. Kama bado hamwelewani, mwombeni mwalimu au shangazi akae katikati.

Kisha thibitisha kabla ya siku ya mwisho. Ukishathibitisha, acha kujutia kile ulichokiacha. Nenda kasome, na ujitunze.