Mzio wa maziwa: kipimo cha damu husema nini, na kipi hakisemi

Katika nchi za Maziwa Makuu, ambako ng'ombe ni heshima ya nyumba na mgeni hukaribishwa kwa maziwa, si rahisi kumweleza mzazi kwamba kikombe hicho hicho chaweza kumdhuru mwanawe. Hata hivyo hutokea. Mtoto hupewa maziwa ya ng'ombe, na kabla ya saa mbili kupita vipele humtoka mwilini, midomo humvimba, hutapika au hupumua kwa shida.

Hapo daktari huweza kuagiza kipimo cha damu. Kinachotafutwa katika maabara ni kingamwili aina ya IgE, ambayo watafiti waliitambua katika miaka ya 1960. Mwili wa mwenye mzio huitengeneza dhidi ya protini za maziwa, hasa kaseini, ambayo ni takriban asilimia 80 ya protini za maziwa ya ng'ombe. Kingamwili hiyo hujishikiza kwenye seli maalumu. Protini ikifika, seli humwaga histamini, na mtoto huvimba.

Matokeo huandikwa kwa tarakimu. Kwa desturi, kilouniti 0.35 kwa lita na zaidi huhesabiwa kuwa chanya. Lakini, na hapa ndipo familia nyingi hupotea, chanya maana yake ni kwamba mwili umekwisha kuijua protini hiyo, basi. Wapo watoto wenye IgE ambao hunywa maziwa bila dhara lolote. Kuwanyima kwa sababu ya karatasi tu ni kuwakosesha lishe bure. Namba ikipanda, uwezekano wa mzio huongezeka. Haitabiri ukali wake.

Hasi nayo haiondoi kila shaka. Uko mzio usiopitia IgE, ambao dalili zake hukawia saa kadhaa au hata siku: kutapika, kuharisha, damu katika kinyesi. Kipimo hiki hakiuoni. Wala hakihusiani na tumbo kujaa gesi kwa kushindwa kusaga laktosi, yaani sukari ya maziwa. Hilo si mzio. Ama vipimo vya IgG vinavyouzwa kwa bei kubwa, jumuiya za wataalamu wa mzio za Ulaya na Marekani hazivikubali.

Kwa hiyo daktari makini huanza kwa kuuliza: mtoto alikunywa nini, kiasi gani, na baada ya muda gani akaugua? Shaka ikibaki, hunyweshwa maziwa kidogo kidogo hospitalini, adrenalini ikiwa tayari karibu. Jaribio hilo lisifanywe nyumbani kamwe.

Hatari nyingine ni kukimbilia maziwa ya mbuzi. Protini zake zafanana mno na za ng'ombe, na wengi wenye mzio huu hudhurika nayo vilevile. Mama anayenyonyesha naye asiache kunyonyesha kwa hofu kabla ya kupata ushauri.

Watoto walio wengi huachwa na mzio huu wanapokua. Ndiyo sababu kipimo hurudiwa baada ya muda: IgE ikishuka, daktari huweza kupanga upya siku ya kujaribu kikombe.