MATUNDU KATIKA MITI: YACHUNGUZENI KABLA YA KUSHIKA SHOKA

Kileleshwa, upande wa magharibi wa Nairobi, ni mtaa unaosifiwa kwa miti yake. Kando yake ndipo ilipo bustani ya miti iitwayo Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti ya kigeni. Lakini mwenye mparachichi au mwembe uani mwake, aonapo matundu katika shina, hushikwa na hofu. Mara huita mtu wa shoka, mara hununua dawa yo yote na kuinyunyiza. Yote mawili huweza kuwa hasara bure, maana matundu si ya namna moja.

Basi yatazameni mambo matatu: ukubwa wa tundu, mahali lilipo, na kitu kitokacho ndani yake.

Tundu dogo kama kichwa cha pini, lenye unga laini, ni kazi ya mbawakawa wadogo sana. Baadhi yao hawali mbao hata kidogo: huingia na kuvu, huipanda ndani ya njia zao, nayo ndiyo chakula chao. Mparachichi ulioingiliwa huweza kutoa unga mweupe kama sukari penye tundu. Mbawakawa mmoja wa jamii hii, mwenye asili ya Asia, alitambuliwa Pietermaritzburg, Afrika ya Kusini, mwaka 2017, naye ameua miti mingi mijini huko. Tawi lililoingiliwa likatwe na kuchomwa papo hapo. Msiligawe kuwa kuni, kwa maana adui husafiri pamoja na kuni.

Tundu la mviringo lenye upana upatao milimita 8 hadi 10, karibu na ardhi, ni la mbawakawa mkubwa. Wakulima wa kahawa wanamfahamu sana. Hutaga mayai katika gome; funza hula akizunguka shina, kisha huingia ndani na kukaa mwaka mmoja hata miwili. Mkiona unga mpya kama wa msumeno, ingizeni waya mumchome. Tundu likiwa wazi na kavu, mdudu amekwisha toka. Dawa itakayomiminwa humo haina wa kumwua.

Udongo uliojengwa juu ya gome ni wa mchwa, nao mara nyingi hufuata jeraha au mbao iliyokufa. Na mashimo makubwa juu ya shina? Hayo ni ya kigong'ota, ndege anayelaumiwa bure. Yeye hutafuta mabuu, au huchimba kiota katika mbao iliyokwisha kuoza. Huyu ni shahidi, si mwizi.

Mwisho, gongeni shina kwa nyundo ya mti. Likilia kama ngoma, nao mti umeinamia nyumba, msingoje mvua za masika: mwiteni afisa wa misitu aukague. Lakini likilia zito na majani ni mabichi, uacheni mti uishi. Mti hukua miaka mingi, na shoka huumaliza kwa asubuhi moja.