Reli ya Hopkins: Mkaguzi amesema, nani amewajibika?

HOPKINS, Minnesota: Treni ya umeme ambayo wakazi wa mji huu mdogo ulio magharibi ya Minneapolis waliahidiwa kuwa ingeanza kubeba abiria mwaka 2018, sasa imepangiwa kuanza mwaka 2027. Gharama yake, ambayo serikali ya shirikisho ilipotia saini mkataba wa kuichangia mwaka 2020 ilikuwa dola bilioni 2 na ushei kidogo, imefika dola bilioni 2.86.

Kwa msomaji aliyeko nyumbani, hebu tuieleze njia yenyewe. Inatoka katikati ya Minneapolis, inapita St. Louis Park, Hopkins na Minnetonka, na kuishia Eden Prairie. Ni maili 14.5, yaani kama kilomita 23, na ina vituo 16. Vitatu viko Hopkins: Blake Road, Downtown Hopkins na Shady Oak. Karakana ya treni nayo imejengwa hapa hapa. Si jambo dogo kwa mji wa watu wapatao 19,000, ambao mwenye gari na haraka zake anaweza kuupita asijue kuwa ameshaupita.

Sisi wanaotuhusu zaidi ni watu wa Blake Road. Upande ule una majengo mengi ya ghorofa ya kupanga, na ndani yake wamo wahamiaji, wakiwamo ndugu zetu wa Afrika Mashariki, hasa Wasomali. Wapo waliokulia kambi za Dadaab na Kakuma, na Kiswahili hakiwapigi chenga. Anayeingia zamu ya alfajiri na hana gari hutegemea basi, na Januari huku baridi huweza kufika nyuzi 20 chini ya sifuri. Kwa mtu huyo, miaka tisa ya kuchelewa ni majira tisa ya baridi ya kusimama barabarani.

Sasa fedha zilikwendaje? Karibu na katikati ya Minneapolis, kampuni ya reli ya mizigo ya BNSF ilitaka ujengwe ukuta wa kutenganisha treni zake na treni za abiria. Ukuta wa kama maili moja, dola milioni 93, na uliongezwa wakati zabuni zimeshaitishwa. Mbele kidogo, katika eneo la Kenilworth, njia ni nyembamba na majirani ni watu wenye sauti. Baada ya mabishano marefu wakubwa waliamua treni ipite chini ya ardhi kwa kipande kisichofika nusu maili. Kipande hicho ndicho kilichowatoa jasho. Jengo la makazi liko karibu kabisa na shimo, ikabidi nguzo za zege zizamishwe kulikinga, na mwanzoni mwa 2022 kazi ilisimamishwa kwa muda baada ya nyufa kuonekana ndani ya jengo hilo.

Mwezi huo huo wa Januari 2022 wahusika walitangaza kuwa gharama itafika kati ya dola bilioni 2.65 na 2.75, na kwamba treni ni hadi 2027. Itakumbukwa kuwa mchango wa serikali ya shirikisho, kama dola milioni 929, umefungwa kwa mkataba na hauongezeki mradi unapopanda bei. Sehemu kubwa ya fedha zilizozidi inatoka kwa walipa kodi wa hapa, na mzigo mkubwa umeibebesha kaunti ya Hennepin, ambayo Hopkins ni sehemu yake.

Msimamizi wa haya yote ni Metropolitan Council, baraza la mkoa mzima wa miji hii lililoanzishwa mwaka 1967. Linaendesha mabasi, treni, hata maji machafu. Lina wajumbe 17, na wote wanateuliwa na gavana. Hakuna hata mmoja anayepigiwa kura. Msomaji anayewajua wakuu wetu wa mikoa na wenyeviti wetu wa bodi ataielewa hali hii bila kufafanuliwa.

Lakini hapa ndipo mambo yanapotofautiana na kwetu. Mwanzoni mwa 2022 Bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kumtaka Mkaguzi wa Bunge aupekue mradi huu. Ofisi hiyo ilianzishwa mwaka 1973. Inawajibika kwa Bunge na wala si kwa gavana, ina mamlaka ya kudai karatasi yoyote, na ripoti zake hutoka hadharani. James Nobles aliiongoza tangu 1983 hadi 2021. Hebu msomaji ahesabu ni magavana wangapi walioingia na kutoka katika miaka hiyo, wa vyama tofauti, naye yupo pale pale na kalamu yake. Aliyemfuata, Judy Randall, ndiye aliyetoa ripoti za reli hii.

Ya kwanza ilitoka Septemba 2022. Ilisema mradi una pengo la mamia ya mamilioni ya dola ambazo hazijulikani zitatoka wapi. Ya Machi 2023 ilikuwa kali zaidi: Council iliingia katika madeni ya ujenzi ikiwa haina fedha za kutosha kuumaliza mradi, na haikuwa wazi vya kutosha kwa umma kuhusu gharama na ucheleweshaji. Iliyofuata, Juni 2023, iligusa usimamizi wa mkandarasi, ikasema masharti ya mkataba kuhusu ratiba ya kazi hayakusimamiwa ipasavyo. Yote haya yaliandikwa kwa lugha ya kawaida, na yeyote mwenye kompyuta anaweza kuyasoma, awe Hopkins au Tandika.

Tulipozisoma ripoti hizo tulimkumbuka Profesa Mussa Assad. Akiwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ya Tanzania, alihojiwa mjini New York na redio ya Umoja wa Mataifa mwishoni mwa 2018, akasema kutofanyiwa kazi kwa ripoti zake ni udhaifu wa Bunge. Neno hilo moja, udhaifu, lilitosha. Spika Job Ndugai alimwita Dodoma ahojiwe na kamati, na Aprili 2019 Bunge likaazimia kutofanya kazi naye. Novemba mwaka huo Rais Magufuli akamteua mtu mwingine. Desemba 2022 Mahakama Kuu ikasema kuondolewa kwake kulikiuka Katiba, wakati mwenyewe ameshakaa nje ya ofisi miaka mitatu. Minnesota Bunge ndilo lililomtuma mkaguzi akachimbue. Dodoma Bunge ndilo lililomgeuka. Kenya nako mikataba ya reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilifichwa kwa miaka. Treni ilianza Mei 2017, wananchi wakaanza kulipa mkopo wa China, na sehemu tu ya mikataba hiyo ikawekwa wazi Novemba 2022 baada ya serikali kubadilika.

Baadhi yetu tuliwahi kuandika juu ya ajali za mabasi kule nyumbani, tukaulizwa nani katutuma. Kwa hiyo ripoti ya mkaguzi iliyoachwa hadharani bila mtu kutishwa ni kitu tunachokithamini, na msomaji atusamehe kama tunaonekana kuishangilia kupita kiasi.

Hata hivyo, tusidanganyane. Baada ya mkaguzi kusema, ilikuwaje? Mwaka huo huo wa 2023, Bunge lile lile lilipitisha kodi mpya ya mauzo katika kaunti saba za mkoa huu, senti 75 kwa kila dola 100, kwa ajili ya usafiri. Ilianza kutozwa Oktoba 1, 2023. Sehemu kubwa ya fedha hizo inakwenda kwa nani? Kwa Metropolitan Council. Bunge pia liliunda kikosi kazi cha kutazama kama wajumbe wa Council wapigiwe kura badala ya kuteuliwa. Kikosi kilimaliza kazi yake mwanzoni mwa 2024 bila kukubaliana juu ya mfumo mmoja. Gavana anaendelea kuteua. Kwa mtazamo wetu hilo ni funika kombe mwanaharamu apite, tofauti ni kuwa hapa kombe linafunikwa mchana kweupe na kila mtu anaona kilichomo.

Tuseme pia kwa haki kwamba fedha ya usafiri inahitajika, na mkoa huu ulilijua hilo kwa njia mbaya. Agosti 1, 2007, saa ya watu kutoka kazini, daraja la barabara ya I-35W lilianguka katika mto Mississippi, Minneapolis. Watu 13 walikufa na 145 walijeruhiwa. Wachunguzi wa shirikisho walikuta mabamba ya chuma ya kuunganishia yalisanifiwa membamba kuliko ilivyotakiwa tangu daraja lilipojengwa katika miaka ya 1960, na siku ile lilikuwa limebebeshwa vifaa vizito vya ukarabati. Wakaguzi walikuwa wanalikagua kila mwaka. Kwa zaidi ya miaka 15 lilikuwa katika orodha ya madaraja yenye kasoro, na magari yaliendelea kupita.

Februari 2008 Bunge lilitengua kura ya turufu ya gavana wa wakati huo, Tim Pawlenty, likapandisha kodi ya mafuta na kuziruhusu kaunti kutoza robo senti kwa kila dola kwa ajili ya usafiri wa umma. Sehemu ya fedha hizo ndiyo iliyosaidia kujenga Green Line, treni inayounganisha Minneapolis na Saint Paul tangu Juni 14, 2014. Reli ya Hopkins ni mwendelezo wa njia hiyo hiyo.

Usalama wa ndani ya treni nao una habari yake. Baada ya 2020 abiria walipungua na malalamiko ya uvutaji wa dawa na vurugu yakaongezeka. Zamani kukamatwa bila tiketi lilikuwa kosa la jinai, na faini yake dola 180, hivyo polisi wengi hawakutaka hata kuandika. Sheria ya 2023 iliigeuza kuwa faini ya kawaida inayoanzia dola 35, na tangu 2024 wakaguzi wa kiraia, wasio na bunduki, hupita ndani ya treni wakiangalia tiketi na kuwaelekeza watu wenye shida. Kijana wa kihamiaji aliyekuwa anaweza kuchafuliwa rekodi yake kwa nauli ya dola mbili sasa ana nafuu.

Kwa walemavu, treni hizi zina sakafu iliyo sawa na jukwaa, kiti cha magurudumu kinaingia bila kubebwa, kama ilivyo kwenye mabasi ya mwendokasi Dar es Salaam. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1990 inalazimisha hivyo. Lakini treni ambayo haijaanza haina sakafu ya kumsaidia mtu, na kituo cha basi kilichofunikwa theluji ni ukuta kwa mwenye kiti. Wasomaji wa Mbagala, walioitazama barabara ya mwendokasi ikikamilika kisha ikakaa inasubiri mabasi, wanajua tunachozungumza.

Na kuna jambo la Green Line ambalo tungependa lijulikane. Mpango wa awali uliviacha vitongoji maskini vya Saint Paul na vituo vilivyo mbali, kama maili moja kutoka kimoja hadi kingine. Wakazi, wengi wao weusi na Waasia, walidai vitatu zaidi: Hamline, Victoria na Western. Waliambiwa kanuni ya shirikisho ya kupima gharama na faida haiviruhusu. Hawakukaa kimya. Walikwenda mikutano mwaka baada ya mwaka, na Januari 2010 kanuni yenyewe ikabadilishwa na serikali ya Rais Obama. Vituo vyote vitatu vikajengwa. Njia ile ilipofunguliwa ilikuwa imekamilika ndani ya bajeti yake, chini ya Council hii hii.

Tunalisema kwa sababu Council sasa ina mpango mwingine, wa kurefusha Blue Line kupitia kaskazini ya Minneapolis na Robbinsdale hadi Brooklyn Park, mji wenye Waliberia wengi na Wakenya wa kutosha. Makadirio yake yanazunguka dola bilioni 3. Mikutano ya Council ni ya wazi, na hufanyika Saint Paul. Anayetaka kusema huandikisha jina lake mapema, na hana haja ya kuwa raia.